Mmoja kati ya Mia Tatu

Mwaka 1980, Richard Weinshilboum na Susan Sladek wa Mayo Clinic, katika mji wa Rochester, jimbo la Minnesota, walichapisha matokeo ya kupima chembe nyekundu za damu za watu 298. Walikuwa wanatafuta kiasi cha kimeng'enya kimoja tu, kinachoitwa kwa kifupi TPMT, ambacho wakati huo kilikuwa hakina umaarufu wowote. Asilimia 88.6 ya watu hao walikuwa nacho kwa wingi. Asilimia 11.1 walikuwa nacho kwa kiwango cha katikati. Aliyebaki, mtu mmoja, hakuonekana kuwa nacho kabisa.

Nimemfikiria sana mtu huyo. Hakuwa na sababu yoyote ya kujua kwamba ana upungufu. Unaweza kuzaliwa bila TPMT, ukakua, ukaoa, ukazaa, ukazeeka, na usiumwe hata kichwa kwa ajili hiyo. Upungufu huu hukaa kimya mpaka siku utakapomeza kidonge cha aina fulani. Na wakati Weinshilboum anapima damu hizo, kidonge hicho kilikuwa kimeshamezwa na wagonjwa waliopandikizwa figo, nchi moja baada ya nyingine, kwa karibu miaka 20.

Kidonge chenyewe ni azathioprini, ambayo wazee wa kazi yetu bado wanaiita Imuran, jina lake la kibiashara. Mimi ni mfamasia. Nimekihesabu kidonge hiki kwenye trei mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka: kidogo, cha rangi ya manjano iliyopauka, hakina kitisho chochote ukikitazama. Historia yake nilifundishwa chuoni kwa nusu saa, kama hadithi ya ushindi. Na ni ushindi kweli. Lakini nusu saa ile iliacha nje watu ambao dawa iliwamaliza badala ya kuwaokoa, na sababu iliyochukua karibu kizazi kizima kupatikana.

Tuanze na Gertrude Elion. Alizaliwa New York mwaka 1918. Akiwa na miaka 15 alimwona babu yake akifa kwa saratani, akaamua kusoma kemia. Alipomaliza, maabara hazikutaka kuajiri mwanamke, basi akafanya kazi za hapa na pale, ikiwemo kufundisha shule na kupima ubora wa vyakula kiwandani. Mwaka 1944, vita vikiwa vimewaondoa wanaume wengi makazini, aliajiriwa na George Hitchings kwenye kampuni ya Burroughs Wellcome, huko Tuckahoe. Shahada ya uzamivu hakuwahi kuimaliza. Chuo kilimtaka aache kazi ili asome kutwa, naye akachagua kazi.

Wazo la Hitchings na Elion lilikuwa rahisi kulieleza. Chembe yoyote inayotaka kujigawa inahitaji vifaa vya kujengea DNA mpya, na baadhi ya vifaa hivyo huitwa purini. Ukiipa chembe purini bandia, inayofanana na ile halisi lakini yenye kasoro, itaichukua, itaijenga ndani yake, kisha itakwama. Chembe zinazojigawa kwa kasi, kama zile za saratani ya damu, ndizo zitakazoumia zaidi. Mwaka 1951 Elion alitengeneza merkaptopurini, na kufikia 1953 ilikuwa imeidhinishwa Marekani kwa watoto wenye saratani ya damu, ambao mpaka hapo walikuwa wanaishi miezi michache tu.

Upandikizaji wa figo ulikuwa na tatizo lake mbali kabisa na saratani. Tarehe 23 Desemba 1954, Joseph Murray wa Boston aliipandikiza figo ya Ronald Herrick kwa pacha wake Richard, nayo ikafanya kazi. Lakini wale walikuwa pacha wa kufanana, mwili wa mmoja haukuweza kumtambua mwenzake kuwa mgeni. Wagonjwa wengine wote, ambao hawakuzaliwa na pacha wa namna hiyo, kinga ya miili yao iliiona figo mpya kuwa adui na kuiua. Madaktari walijaribu kuizima kinga kwa mionzi ya mwili mzima, na wagonjwa wengi wakafa kwa maambukizi.

Chembe za kinga nazo hujigawa kwa kasi zinapoamka kupigana. Robert Schwartz na William Dameshek, pia wa Boston, walionyesha mwaka 1959 kwamba sungura waliopewa merkaptopurini hushindwa kuishambulia protini ya kigeni waliyodungwa. Kijana mpasuaji wa Kiingereza, Roy Calne, akaichukua habari hiyo na kuanza kuwapandikiza mbwa figo huku akiwapa dawa hiyo. Wakaishi kuliko ilivyowahi kutokea. Alipokwenda Boston kufanya kazi na Murray, alipitia kwa Hitchings na Elion, wakampa kemikali nyingine za kujaribu. Moja ilikuwa merkaptopurini iliyofungwa kwenye molekuli nyingine, ili ifunguke polepole ndani ya mwili. Hiyo ndiyo azathioprini.

Mwaka 1961 ilitolewa kwa binadamu aliyepandikizwa figo. Figo ilifanya kazi. Mgonjwa alifariki kwa sumu ya dawa, kwa kuwa dozi inayomfaa binadamu ilikuwa bado haijajulikana. Walipunguza, wakajaribu tena, na Aprili 1962 Murray alipandikiza figo ya mtu aliyekufa kwa mgonjwa asiye na udugu naye, na figo hiyo ikafanya kazi kwa zaidi ya mwaka. Mjini Denver, Thomas Starzl akaongeza predinisoni juu yake, matokeo yakawa mazuri zaidi. Kuanzia hapo mpaka siklosporini ilipoingia sokoni miaka ya 1980, mtu aliyeishi na figo ya mwenzake, popote duniani, karibu kila mara aliishi kwa vidonge hivi viwili.

Dozi ilipangwa kwa uzito. Miligramu 3 mpaka 5 kwa kila kilo mwanzoni, kisha kushuka hadi kati ya 1 na 3. Kila mtu alipandishwa kwenye mzani, na mzani ndio uliotoa jibu.

Hapa sina budi kueleza kidogo mambo ya ndani ya mwili. Azathioprini ikishamezwa hugeuka kuwa merkaptopurini, na merkaptopurini ina njia tatu za kupita. Njia ya kwanza huigeuza kuwa sumu yenyewe inayohitajika, ile inayoingia kwenye DNA na kukwamisha chembe. Njia ya pili inalindwa na TPMT, ambayo huitia alama ya kemikali na kuifanya isiweze kutumika kujenga sumu hiyo. Njia ya tatu inalindwa na kimeng'enya kingine, zanthini oksidesi, ambacho huivunja na kuisafirisha kuelekea kwenye mkojo. Dozi iliyoandikwa vitabuni imechukulia kwamba njia zote tatu ziko wazi. Mtu akizaliwa bila TPMT, sehemu kubwa ya dawa inasukumwa kwenye njia ya sumu. Kidonge ni kilekile na kilo ni zilezile, lakini ndani ya chembe zake sumu inajaa mara nyingi zaidi ya ile inayojaa kwa jirani yake wodini.

Chembe zinazojigawa kuliko zote ni za uboho wa mifupa, kiwanda cha damu. Baada ya wiki kadhaa chembe nyeupe huanguka, koo linauma, vidonda vinatokea mdomoni, homa inapanda. Mtu anaweza kufa kwa bakteria ambao wewe na mimi tunaishi nao bila habari.

Sasa jiweke mahali pa daktari wa mwaka 1968. Amempa mgonjwa dawa ambayo kazi yake ni kuziangusha chembe nyeupe. Chembe nyeupe zimeanguka. Atashangaa nini? Atasema dozi ilikuwa kubwa, au mgonjwa alipata virusi, au figo ililegea. Vitabu vya zamani vilikuwa na maneno yake: mgonjwa fulani ni mwepesi kudhurika na dawa hii. Maneno hayo hayaelezi kitu, yanarudia tu kilichoonekana. Ndiyo maana siwalaumu sana. Dawa inapozidi kwa sababu ya dozi, na dawa inapozidi kwa sababu ya kuzaliwa, karatasi ya maabara inaonyesha tarakimu zilezile.

Jambo linaloniuma ni jingine. Kimeng'enya chenyewe kilikuwa kimeshaelezwa na mwanakemia C. N. Remy mwaka 1963, mwaka uleule ambao upandikizaji kwa azathioprini ulikuwa unaenea. Maarifa mawili yaliishi kwenye majarida mawili, rafu tofauti za maktaba moja, na miaka 17 ikapita kabla mtu hajauliza kama watu wote wanacho kwa kiasi sawa. Aliyeuliza hakuwa mpasuaji wala daktari wa figo. Weinshilboum alikuwa ameshapima vimeng'enya vya jamii hiyo kwenye chembe nyekundu za damu miaka ya 1970, akitafuta urithi unavyoathiri dawa, naye akaenda kwenye TPMT kwa udadisi huohuo. Alipochunguza familia aliona mchoro ambao mwanafunzi yeyote wa biolojia wa sekondari angeutambua: jeni moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Mwenye mbili nzima yuko juu, mwenye moja nzima yuko katikati, asiye nayo hata moja hana kitu. Mmoja kati ya mia tatu, na wa katikati takriban mmoja kati ya kumi.

Bado ilihitajika kuunganisha jeni hilo na vifo. Lynne Lennard, wa Sheffield, Uingereza, alikuwa na njia ya kupima ile sumu iliyojaa ndani ya chembe nyekundu za wagonjwa. Mwaka 1989 yeye, Weinshilboum na mwenzao walieleza wagonjwa watano ambao uboho wao ulikuwa umesimama baada ya kupewa azathioprini. Wote watano TPMT yao ilikuwa chini mno, na sumu ndani ya chembe ilikuwa juu kupita kiasi. Mwaka 1993 jarida la Lancet likachapisha barua fupi kutoka Ujerumani kuhusu mgonjwa aliyepandikizwa moyo akapata balaa hilohilo, naye alipopimwa hakuwa na TPMT. Kuanzia katikati ya miaka ya 1990 mabadiliko kwenye jeni lenyewe yakaanza kutambuliwa moja baada ya jingine, hasa katika hospitali ya watoto ya St. Jude, mjini Memphis. Leo mwongozo unasema wazi: asiye na kimeng'enya hiki, ambaye hana saratani, atafutiwe dawa nyingine, na ikilazimu kuitumia, dozi ishushwe mara kumi na isitolewe kila siku.

Kuna sehemu ya historia hii ninayoijua kwa njia isiyo ya vitabu. Kaka yangu mkubwa alipandikizwa figo India, miaka kadhaa kabla ya Novemba 2017, wakati Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza nchini Tanzania kwa kushirikiana na madaktari kutoka India. Mtoaji alikuwa dada yetu wa katikati. Kaka alirudi na mfuko wa dawa: siklosporini, predinisoloni, azathioprini. Ile ya tatu ilichaguliwa kwa kuwa mbadala wake mpya ulikuwa na bei ambayo familia haikuweza kuimudu kila mwezi maisha yote. Alizimeza miaka mitatu bila tatizo. TPMT yake, kwa hiyo, haikuwa na kasoro ya kutisha.

Kisha kidole gumba cha mguu kikavimba. Siklosporini hupandisha asidi ya yuriki, na gauti kwa waliopandikizwa figo ni jambo la kawaida. Alikwenda zahanati moja binafsi karibu na kwake, akapewa alopurinoli, dawa sahihi kabisa ya gauti. Faili lake la figo lilikuwa hospitali nyingine. Wiki tano baadaye alinipigia simu, sauti ikiwa nzito.

"Mdogo wangu, siwezi kumeza hata uji. Mdomo wote vidonda."

"Kaka, nisomee dawa zote unazokunywa. Usiruke hata moja."

Alisoma taratibu, boksi moja moja, akizisilabi. Alipofika kwenye la tano nilimwambia asimeze kitu kingine, nikamtafuta shemeji ampeleke hospitali usiku uleule. Chembe nyeupe zake zilikuwa 900 kwa kila maikrolita. Kwa kawaida huwa kati ya 4,000 na 11,000. Dawa mbili zilisimamishwa. Alilazwa siku 19, figo ikapona naye akapona.

Alopurinoli huziba zanthini oksidesi, mlango wa tatu. Kaka yangu hakuzaliwa na upungufu wa kimeng'enya. Alinunuliwa upungufu huo dukani, kwa wiki tano. Na aliyeuumba upungufu huo ni Elion mwenyewe pamoja na Hitchings. Waliitumia alopurinoli kwa makusudi ya kuuziba mlango ule, ili merkaptopurini isivunjwe mapema na watoto wenye saratani wafaidi dozi ndogo. Katika majaribio iligundulika kwamba asidi ya yuriki nayo inashuka, na mwaka 1966 ikaidhinishwa Marekani kwa ajili ya gauti. Walijua tangu siku ya kwanza kwamba dawa hizi mbili zikikutana, azathioprini ipunguzwe hadi robo au theluthi ya dozi. Imeandikwa kwenye karatasi ya ndani ya boksi, kwa herufi ambazo kaka yangu, hata kwa miwani, asingeziona. Elion na Hitchings walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1988, pamoja na James Black, na sioni tuzo iliyostahili zaidi. Nasema tu kwamba ndani ya mwili mmoja kazi zao mbili zinaweza kugongana.

Baada ya hapo nilianza kutafuta sisi huku tumepimwa lini. Jibu ni 1999. Watafiti wa Uingereza na Kenya walichunguza jeni la TPMT kwa Wakenya 101, na wakalilinganisha na la Wazungu. Waliobeba jeni lenye kasoro walikuwa karibu sawa pande zote mbili, takriban mmoja kati ya kumi. Kasoro yenyewe ndiyo iliyotofautiana. Kwa Wazungu badiliko lililotawala, lililopewa jina *3A, lina makosa mawili ya herufi kwenye jeni moja. Kwa Wakenya halikuwepo kabisa. Lililokuwepo ni *3C, lenye kosa moja tu kati ya yale mawili. Watafiti wakafikiri kwamba huenda kosa hilo moja ndilo la kale zaidi, na la pili liliongezeka baadaye kwa waliokwenda kuishi mbali. Maana yake kazini ni ya moja kwa moja: kipimo kilichotengenezwa kutafuta badiliko la Wazungu peke yake kingempita mgonjwa wa Nairobi kana kwamba hana tatizo. Waasia nao walikuwa na lao. Mwaka 2014 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba wagonjwa wengi wa huko wanaopoteza chembe nyeupe kwa dawa hizi wana TPMT nzima. Jeni lililoharibika ni jingine kabisa, NUDT15.

Neno "upungufu" lenyewe linanipa shida tangu nilipoijua habari ya takrolimasi. Hiyo ni dawa ya kuzuia kinga iliyopatikana mwaka 1984 kwenye bakteria wa udongo wa Tsukuba, Japani, na leo ndiyo nguzo ya upandikizaji wa figo, Muhimbili ikiwemo. Huvunjwa na kimeng'enya kiitwacho CYP3A5. Waafrika wengi tunacho. Wazungu walio wengi, zaidi ya wanane kati ya kumi, hawana. Dozi za mwanzo zilipangwa zaidi kwa wasio nacho, na Mwafrika akipewa dozi hiyo dawa humwisha mwilini mapema, kinga inaamka, figo inakataliwa. Vitabu vya kwanza vilituandika sisi kuwa watu wenye mahitaji makubwa ya dawa. Ungeweza vilevile kuandika kwamba Ulaya nzima ina upungufu wa kimeng'enya, na usingekosea.

Azathioprini haijastaafu. Dawa iliyochukua nafasi yake, maikofenoleti, huharibu mimba, hivyo mwanamke mwenye figo ya kupandikizwa anayetaka mtoto huhamishiwa azathioprini kabla ya kubeba. Mwaka jana nilimhudumia mama wa miaka 31 aliyekuwa kwenye safari hiyo. Kipimo cha jeni hakikuwa karibu yetu. Tulichokuwa nacho ni kuhesabu chembe za damu, jambo linalowezekana hata hospitali ya wilaya. Nilimwandikia tarehe nane kwenye karatasi, moja kila wiki, nikamwomba asiruke hata moja, na nikamwambia kwamba mtu yeyote akimpa dawa ya gauti anipigie kwanza. Alicheka, akasema yeye hana gauti, baba yake ndiye mwenye gauti. Nikamwambia basi na dawa za baba ziwekwe kabati lingine.